Mionzi, stara na mashine ya uwanja wa ndege

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zimetokana na ujumbe mmoja wa sauti unaozunguka katika makundi ya WhatsApp ya Kigoma na Tabora tangu watu waanze kujiandaa kwa safari za Umra. Msemaji, ambaye hakujitaja, anadai kwamba katika viwanja vya ndege vya nje ipo mashine inayomvua msafiri nguo bila kumgusa, kwamba picha zake huuzwa, na kwamba mionzi yake huchoma kizazi cha mwanamke. Nimechagua barua tano na kuzifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha.

*Ninasafiri kwa Umra pamoja na binti yangu, ambaye ana mimba ya miezi minne. Baada ya kusikia sauti ile amekataa kwenda, na mumewe naye anamuunga mkono. Je, mashine hizo zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni? Mama wa Ujiji, Kigoma.*

Shikamoo mama. Nianze na mjukuu, kwa kuwa najua hapo ndipo moyo wako ulipo: hakuna mashine ya kumkagua msafiri wa kawaida, kati ya zile ambazo binti yako anaweza kukutana nazo njiani, inayotoa kiasi cha mionzi kinachoweza kumdhuru mtoto huyo. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kwa sababu jibu la mkato halitamshawishi mkwe wako.

Watu huita "skana" vitu vinne tofauti, na ujumbe ule umevipika katika chungu kimoja. Hapo hapo Kigoma, kabla ya kupanda ndege ya Dar es Salaam, mkoba wako utawekwa juu ya mkanda na kuingia ndani ya sanduku lenye mapazia mazito: hiyo ni eksirei kweli, lakini ni ya mizigo, na mapazia yale yamewekwa ili mionzi ibaki ndani. Wewe mwenyewe utapita katika mlango mtupu unaolia ukikuta chuma, na mlango huo hauna eksirei hata chembe, kwani unafanya kazi kwa sumaku ya umeme, sawa na kile kifimbo anachokishika askari. Cha tatu ni kibanda cha vioo kinachopatikana katika viwanja vikubwa vya nje, ambamo msafiri husimama na kuinua mikono kwa sekunde chache. Hicho hutumia mawimbi ya milimita, ambayo ni ndugu wa mawimbi ya simu na redio, hayana nguvu ya kung'oa elektroni katika chembe za mwili, na nguvu yake ni ndogo kuliko ya simu uliyoiweka mfukoni.

Cha nne ndicho kilicholeta kelele zote. Ni mashine ya eksirei hafifu ambayo mionzi yake haikusudiwi kumpenya mtu kama ile ya hospitalini, bali hugonga mwili, hurudi nyuma, na kuchora kilicho kati ya nguo na ngozi. Ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini ilienea baada ya tarehe 25 Desemba 2009, kijana wa Kinigeria alipojaribu kuilipua ndege iliyokuwa ikitoka Amsterdam kwenda Detroit kwa baruti aliyoishona katika chupi. Mlango wa chuma usingeweza kuiona baruti hiyo, kwa kuwa haikuwa na chuma.

Sasa tupime. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa siveti, na kwa kuwa siveti ni kubwa mno tunatumia mikrosiveti, ambayo ni sehemu moja ya milioni. Mwanadamu popote alipo hupokea kutoka ardhini, angani, katika chakula na katika hewa anayovuta wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka, hata kama hajawahi kuiona hospitali. Picha moja ya kifua hutoa takriban mikrosiveti 20 hadi 100, kulingana na mashine. Mwaka 2013 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilizipima mashine hizo za eksirei na kukuta kwamba ukaguzi mmoja ulitoa mikrosiveti 0.011 hivi. Hicho ni kiasi ambacho mtu hukipata kwa dakika mbili hivi za kuishi tu duniani, au kwa sekunde 12 za kuwa angani ndani ya ndege. Ili afikie ukomo wa mwaka uliowekwa Marekani kwa ukaguzi wa namna hii, ambao ni mikrosiveti 250, mtu angelazimika kukaguliwa zaidi ya mara 22,500.

Kwa hiyo, mama, kama mkwe wako anaogopa mionzi basi angeiogopa ndege kabla ya kuiogopa mashine, kwa sababu ndege kubwa inayoruka juu sana humpa abiria takriban mikrosiveti 3 hadi 5 kwa kila saa, ingawa karibu na ikweta huwa pungufu. Wala simshauri aiogope ndege. Marubani na wahudumu wanaoruka mwaka mzima ndio wanaohesabiwa mionzi yao, si abiria wa safari moja ya ibada.

Haki inanitaka niseme pia kwamba wasiwasi wa mwanzo haukuwa wa wajinga. Mwezi Aprili 2010 wanasayansi wanne wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco walimwandikia barua mshauri wa sayansi wa Rais wa Marekani. Hoja yao ilikuwa kwamba mionzi hiyo hafifu huishia zaidi kwenye ngozi na nyama iliyo karibu nayo, hivyo si sahihi kuigawanya hesabu yake katika mwili mzima kana kwamba imeenea sawasawa, na wakataka uchunguzi huru. David Brenner wa Chuo Kikuu cha Columbia naye alieleza kwamba hatari kwa mtu mmoja ni ndogo sana, lakini hatari ndogo sana ikizidishwa kwa ukaguzi bilioni moja kwa mwaka inakuwa jambo la afya ya umma. Nimefanya kazi katika chumba cha eksirei kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nikiwa na beji ya kupimia mionzi kifuani, na kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mionzi haipigwi kwa mtu ila kwa faida iliyo wazi. Ikiwapo njia nyingine isiyo na mionzi, itumike hiyo. Ndivyo Umoja wa Ulaya ulivyoamua Novemba 2011 ulipopitisha kanuni za kuruhusu skana za mwili viwanjani: mashine ya eksirei isitumike kwa abiria, ya mawimbi itumike. Haukusema kwamba eksirei ile imeua mtu.

Mwambie binti yako asafiri. Akitaka kuepuka hata kibanda cha mawimbi, aseme kwa upole kwamba ni mjamzito na anaomba kukaguliwa kwa mikono na mwanamke. Ombi hilo linaeleweka katika viwanja vingi. Ila siku atakapopelekwa kupigwa picha ya nyonga au tumbo hospitalini, hapo ndipo asikae kimya hata dakika moja, aseme ana mimba kabla hajapanda kitandani. Kipimo kimoja cha CT cha tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, hutoa takriban mikrosiveti 10,000, na nimewaona wanawake wengi waliosoma tangazo la mlangoni wakaona haya kusema.

*Nilivunjika mguu katika ajali ya bodaboda, nikawekewa vyuma. Je, vitaungua ndani nikipita katika mashine? Kijana wa Kibondo.*

Haviungui, havisogei wala havipati moto. Mlango wa chuma unaweza kulia, na utakapolia utaonyesha kovu na kueleza, basi. Cheti cha hospitali kitakuokolea muda, ingawa mkaguzi hatalazimika kukiamini na bado anaweza kukupapasa. Anayehitaji uangalifu ni mtu aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo: apite mlangoni bila kusimama katikati yake, aonyeshe kadi yake, na aombe kile kifimbo kisishikiliwe juu ya kifua.

*Naenda Dubai kununua bidhaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na wakati mwingine napitia nchi nyingine. Safari moja niliinua mikono ndani ya kibanda, kisha mkaguzi wa kike akaniambia nina kitu kiunoni. Ni shanga. Nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu nyuma yangu walikuwapo wanaume wa Tabora tunaofahamiana. Wameziona? Picha yangu iko wapi sasa? Mfanyabiashara wa vitenge, Isevya, Tabora.*

Dada yangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nadhani ndiyo barua ya msingi kati ya hizi zote. Suala la mionzi linajibiwa kwa hesabu. La stara halina kipimo, na mtu aliyeaibika hatulizwi kwa kuambiwa kwamba mashine ni salama.

Walichokiona wenzako, kama waliona chochote, ni mchoro. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenda kutibiwa macho nje ya nchi, nikasimama upande wa pili wa kibanda nikimsubiri. Kwenye kioo palikuwa na umbo la mtu lisilo na uso wala jinsia, kama lile ambalo mtoto wa chekechea hulichora kwa chaki, na umbo hilo hilo lilitokea kwa kila aliyepita, awe mnene au mwembamba. Shangazi alipoinua mikono, kijisanduku cha njano kilitokea ubavuni mwa mchoro. Binti mkaguzi aliyevaa glovu za buluu akamwonyesha mahali kwa kidole, na shangazi, aliyevaa kanga ya pili chini ya baibui kama walivyozoea wazee wetu, akaanza kulifungua pindo polepole. Ndani mlikuwa na noti za elfu kumi zilizokunjwa pembe tatu kama sambusa, na kipande cha karatasi chenye namba za simu za wanawe wote. Mkaguzi alicheka. Shangazi hakucheka, na njia nzima hakusema neno.

Mashine za mawimbi za siku hizi hufanya hivyo: kompyuta huchambua kilichoonekana, kisha huweka alama juu ya mchoro mahali ilipokuta kisichofanana na mwili. Haijui kama ni shanga, hirizi, pesa au jasho. Wajerumani walipoijaribu katika uwanja wa Hamburg mwaka 2010 na 2011 waliahirisha kuinunua kwa sababu ilikuwa inapiga kelele kwa mikunjo ya nguo tu, na sisi tunaovaa kwa tabaka na kufunga vilemba tunaweza kukisia hali yetu. Misuko minene nayo huleta kijisanduku kichwani.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo, na hapa ujumbe ule wa sauti una punje ya ukweli. Mashine za kwanza zilionyesha umbo halisi la mwili, na katika zile za eksirei maungo yalionekana kiasi cha kumtia mtu haya. Wakuu wa viwanja walijitetea kwamba mtazamaji hukaa chumba kingine, hamwoni msafiri kwa macho, na picha hufutwa papo hapo. Utetezi huo ulipata doa mwaka 2010 ilipobainika kwamba katika mahakama moja ya Orlando, jimbo la Florida, walinzi wa serikali walikuwa wamehifadhi takriban picha 35,000 za watu waliopita katika skana ya mlangoni. Novemba mwaka huo picha 100 kati ya hizo zikatolewa hadharani. Zilikuwa na ukungu na hazikutoka uwanja wa ndege, lakini zilithibitisha kwamba mashine iliyosemekana haihifadhi inaweza kuhifadhi ikiamriwa. Tangu siku hiyo, neno "hufutwa" pekee halikumtosha tena mtu makini.

Kwa safari zako, haya ndiyo unayoweza kuyadai. Kanuni za Ulaya za 2011 zinakataza picha ya skana kuhifadhiwa, kunakiliwa au kuchapishwa, zinampa abiria haki ya kukataa skana na kukaguliwa kwa njia nyingine, na pale ambapo mwanadamu ndiye anayeitazama picha, abiria anaweza kuomba mtazamaji wa jinsia anayoitaka. Marekani nako unaweza kuomba kupapaswa badala ya kuingia kibandani, japokuwa tangu Desemba 2015 wakaguzi wanaweza kuwalazimisha baadhi ya abiria. Ukiombwa kuonyesha kitu kilicho chini ya nguo, omba chumba cha faragha na mkaguzi wa kike, na uombe kuingia na mwenzako. Usikubali kufunua chochote palepale kwenye foleni kwa sababu tu mkaguzi ana haraka. Hapa nyumbani, ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda heshima na maisha binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana yeyote anayekusanya taarifa za mtu, ikiwamo picha, aeleze anazikusanyia nini.

Kuhusu kuzivua shanga kabla ya safari, wengine wangekushauri hivyo na kumaliza. Mimi sioni kwa nini mke wa mtu apange vazi lake la ndani kwa kuiridhisha mashine, lakini nakiri kwamba ukizivua na kuziweka katika mkoba utapita haraka zaidi. Uamuzi ni wako.

*Nikituma migebuka mikavu na mawese kwa ndege, eksirei ya mizigo haiviharibu? Wateja wangu wa Dar es Salaam wameanza kuuliza. Msomaji wa Kibirizi, Kigoma.*

Haiviharibu. Eksirei ikishapita imepita, haibaki ndani ya samaki kama moshi unavyobaki, na kiasi chake ni kidogo mno kubadili ladha, mafuta au dawa. Desemba 2006, katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, bibi mmoja aliyechanganyikiwa na taratibu alimweka mjukuu wake wa mwezi mmoja katika trei, na mtoto akapita ndani ya mashine ya mizigo kabla hawajamwahi. Madaktari walimchunguza na kusema hakupata kipimo cha kumdhuru. Hilo silisemi ili mtu ajaribu. Kilo yako ya migebuka ina nafuu kuliko mtoto yule. Asali ya Tabora ndiyo itakayokuletea mgogoro, si kwa mionzi bali kwa sababu katika safari za kimataifa ni kimiminika, na chupa inayozidi mililita 100 kwa kawaida hairuhusiwi katika mkoba wa mkononi. Iweke katika mzigo unaosajiliwa.

*Ikiwa mashine za eksirei zilikuwa salama kama wanavyosema, kwa nini Wamarekani waliziondoa viwanjani? Na zilizoondolewa zilienda wapi? Sisi tumezoea kuletewa mitumba. Mwalimu, Kasulu.*

Mwalimu, zilitolewa kwa ajili ya stara, wala si kwa ajili ya saratani, jambo ambalo watu wengi wanalikumbuka kinyume. Julai 2011 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na kituo cha kutetea faragha, kwamba ukaguzi huo haukuvunja katiba ya nchi hiyo, lakini idara husika ilikosea kuanza kuutumia bila kwanza kuwaomba wananchi maoni. Februari 2012 Bunge lao likapitisha sheria iliyotaka kila skana ya mwili itumie programu inayoonyesha mchoro badala ya mwili. Watengenezaji wa mashine za mawimbi waliweza. Rapiscan, waliotengeneza zile za eksirei, hawakuweza kuimaliza programu yao kwa wakati, na Januari 2013 ikatangazwa kwamba mashine zao zitaondolewa. Kufikia mwisho wa Mei mwaka huo zilikuwa zimekwisha viwanjani. Nyingi zilipelekwa katika mahabusu na magereza ya majimbo huko huko.

Kuna jambo lililojitokeza baadaye ambalo kwangu linaumiza zaidi ya mionzi. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vitatu vya Marekani, walioinunua mashine moja ya aina hiyo kupitia mnada wa intaneti, walionyesha kwamba mtu anayeifahamu vizuri angeweza kupita na silaha bila kuonekana, kwa kuificha ubavuni au kuifunika kwa namna fulani. Kwa miaka kadhaa watu walikuwa wameuza haya yao kwa ulinzi uliokuwa na tundu.

Kuhusu mitumba, woga wako una historia, lakini kifaa chochote chenye mionzi hakiingii nchini wala hakitumiki bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria namba 7 ya mwaka 2003, na Tume hiyo ndiyo hukagua hata mashine za eksirei za hospitali zetu. Hao ndio wa kuulizwa, kwa maandishi, kama umeona mashine usiyoielewa.

Ipo aina ya tano ambayo sikuitaja kwa mama wa Ujiji, kwa kuwa haimhusu. Ni skana ya eksirei inayompenya mtu kabisa hadi tumboni, ambayo hutumika katika baadhi ya magereza na migodi, na viwanja kadhaa duniani huitumia kwa wanaoshukiwa kumeza kete za dawa za kulevya. Kipimo chake ni kikubwa mara nyingi kuliko ile ya kurudisha mionzi nyuma, ingawa bado kiko chini ya picha ya kifua, na haistahili kutumiwa kwa mtu asiyeshukiwa, sembuse mjamzito. Vifaa vya eksirei kwa kawaida hubandikwa alama ya mabawa matatu meusi juu ya rangi ya njano, ile ile iliyo kwenye mlango wa chumba cha eksirei cha hospitali yoyote ya mkoa. Ukiiona kwenye sanduku la mizigo, pita. Ukiiona kwenye mashine ambayo mtu mwenyewe anaambiwa aingie, simama uulize ni ya aina gani na kwa nini umechaguliwa wewe, kabla hujainua mikono.